Zamu ya Moto Ngamiani

Siku mliponiaga pale ofisini, baada ya soda na hotuba, kijana mmoja kati yenu aliniuliza swali zuri. Alisema, "Mzee Salehe, miaka yote hii ya kukagua nyumba, ukiingia ndani unatazama nini kwanza?" Nikamjibu, "Masizi." Mkacheka wote, nami nikacheka, maana sambusa zilikuwa zinapoa na mkurugenzi alikuwa anatazama saa. Lakini sikuwa natania. Sasa nimestaafu, nina baraza na kahawa, na hakuna wa kuniharakisha, kwa hiyo nitawajibu inavyostahili.

Nilianza kazi ofisi ya mji Tanga katika miaka ya hamsini, enzi za Mwingereza, nikiwa msaidizi wa mkaguzi wa nyumba. Siku ya kwanza nilivaa shati jeupe na viatu nilivyoazima kwa shemeji yangu. Mkaguzi wangu alikuwa Mzee Mhina, Mbondei wa Muheza, mtu mrefu asiyependa maneno mengi, wa kwenda kanisani kila Jumapili na kuchelewa kazini kila Jumatatu. Alivitazama viatu vyangu akasema, "Hivyo vitakufa leo." Vikafa kweli. Kabla ya adhuhuri tulikuwa uani kwa mtu kule Ngamiani, tunakanyaga tope la choo kilichotitia, naye Mzee Mhina anapima ufa wa ukuta kwa vidole kana kwamba yuko sebuleni kwake.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Kulikuwa na futi ya kamba, timazi ya kujua ukuta umesimama au umelala, kopo la rangi nyekundu na brashi yake. Halafu kulikuwa na nondo. Ilikuwa nondo nyembamba, urefu wa mkono, imechongwa ncha kama sindano ya kushonea magunia. Mzee Mhina aliichomeka kwenye nguzo ya nyumba, chini kabisa inapoingia ardhini. Nondo ikigoma, nguzo nzima. Ikizama, mchwa wamekwishakula, na anayelala chini ya boriti hizo amelala chini ya Mungu tu. Wiki nzima ya kwanza hakuniruhusu kuishika. Alisema kwanza nijifunze kusema hodi.

Na nyumba zenyewe mzijue, maana ninyi mmezaliwa kwenye matofali. Nyumba ya Ngamiani ilikuwa ya miti na udongo, makuti juu, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani nyuma. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja na vingine akapangisha. Hakukuwa na dari. Kila mpangaji alikuwa na mafiga yake, na ingawa sheria ya mji ilisema watu wapikie uani, mvua ikinyesha kila mtu alipikia chumbani, na Mzee Mhina alikuwa ghafla na jambo muhimu la kutazama upande wa pili wa barabara. Moshi ulipanda ukaenea kwenye fito na makuti, ukatafuta njia ya kutokea. Ukiinua macho uliona weusi unaong'aa.

Nilipoanza kazi, mkonge ulikuwa dhahabu. Watu walitoka bara kwa treni na kwa miguu kuja mashambani, na waliochoka na mashamba wakaja mjini kubeba mizigo bandarini. Chumba kimoja walilala zamu, wa mchana na wa usiku, na mkeka haukupata nafasi ya kupoa. Aliyekuwa na nyumba Ngamiani alikuwa mtu. Aliyekuwa na kiwanja alijenga, na asiye na kiwanja alikuja ofisini kwetu na kuku.

Kisha bei ya mkonge ikaanguka. Sitajifanya najua sababu zake. Zilikuwa huko ng'ambo, na sisi tuliona matokeo tu. Mashamba yakapunguza watu, bandari ikapoa, na wapangaji wakaanza kwenda makwao, mmoja mmoja, na sufuria zao kichwani. Kodi zikashuka. Wenye nyumba wakashusha tena, wakafika mahali wakawa wanabembeleza mtu akae bure ili pasikae tupu. Nilidhani wanaogopa wezi. Mzee Mhina akanichukua mpaka kwenye nyumba moja ya barabara ya kumi na tano ambayo mwenyewe alikuwa amehamia Pemba na wapangaji wote wameondoka. Haikuwa na mwaka tangu ifungwe. Akanipa nondo, kwa mara ya kwanza, akasema, "Chomeka."

Ilizama mpaka kwenye ngumi yangu. Niliichomoa ikatoka na unga, na mchwa mmoja akaning'inia kwenye ncha. Nikaenda nguzo ya pili, ya tatu, zote ni maganda tu. Makuti juu yalikuwa yamegeuka kijivu na yananyonyoka. "Moshi umekatika," akasema Mzee Mhina. Lilikuwa jambo analolijua kila mtu pwani, hata mimi nilikuwa nimelisikia tangu utotoni, kwamba mchwa hawapendi mti uliokolea moshi na makuti hayaozi upesi juu ya jiko. Lakini kulisikia ni kitu kimoja, na kusimama ndani ya nyumba iliyokufa kwa kukosa mtu wa kupika ugali ni kitu kingine. Nilitoka pale nikiwatazama watu barabarani kwa macho mengine, kama kwamba kila mmoja amebeba nyumba mgongoni.

Basi serikali ikaingia. Msidhani serikali ya wakati ule ilikaa kimya. Ilikuwa na neno juu ya kila kitu, hata juu ya mbuzi. Bwana Shauri wetu, afisa Mwingereza aliyekuwa na mji chini yake, alitoa amri: nyumba yoyote iliyobaki tupu, au iliyobakiwa na mtu mmoja tu, ikaguliwe, na isiyofaa itiwe alama nyekundu ukutani ibomolewe kabla ya masika. Alikuwa na sababu zake, tena si mbaya. Ukuta ulikuwa umeangukia watoto wakapona kwa bahati. Panya walizidi. Na alisema kwamba nyumba zikipungua, zile zitakazobaki zitapata wapangaji na kodi itainuka. Ukiwa umekaa mezani ni hesabu nzuri. Jinsi ya kujua kama nyumba ina watu nayo ilikuwa rahisi: mchana watu wako kazini, kwa hiyo tuhesabu mafiga yenye moto. Jiko baridi, chumba kitupu.

Wakati huohuo, sikilizeni, wafanyakazi wa barabara wa serikali hiyohiyo walikuwa wanalala kwenye mahema karibu na stesheni, na tanuri za matofali zilikuwa zinajengwa ili wapate vyumba vipya. Huku tunabomoa, kule tunajenga. Mimi nilikuwa mgeni kazini, nikadhani ndivyo serikali zinavyokwenda. Sasa nimestaafu na bado sijapata sababu ya kubadili mawazo.

Kwenye kipande kimoja cha barabara ya kumi na saba, huku na huku, kulikuwa na nyumba sita za wanawake. Wengine walikuwa wajane, wengine wameachwa, mmoja mumewe alikwenda baharini hakurudi wala habari zake. Mkubwa wao alikuwa Bi Mwanaidi, Mdigo wa Moa, mama mnene mwenye sauti ya kuita mtu aliye stesheni. Nyumba yake aliijenga kwa kukaanga samaki kwenye malango ya mashamba ya mkonge, chumba baada ya chumba, miaka na miaka. Hakuwa na mtoto. Nyumba ilikuwa mtoto, mume na kaburi lake, alivyosema mwenyewe. Vyumba vyake vyote vilikuwa tupu isipokuwa anacholala.

Tulikwenda kumpa habari. Nikasema, "Shikamoo, Bi Mwanaidi."

"Marahaba, mwanangu. Hilo kopo la nini?"

Mzee Mhina akamweleza amri yote pasipo kuipamba. Wakaguzi watarudi mwezi ukiandama, na safari hiyo Bwana Shauri atakuja mwenyewe.

"Sasa Mhina, we wanijua," akasema Bi Mwanaidi. "Wapangaji niwatoe wapi? Niwafinyange?"

"Natumwa tu, dada yangu. Serikali yatafuta mafiga yenye moto."

Akalitazama tena lile kopo. Kisha akauliza, "Yataka moto, au yataka watu?"

"Imesema moto," akajibu Mzee Mhina, akachukua kopo lake.

Mwezi ukaandama. Bwana Shauri alikuja asubuhi na kofia yake pana na soksi ndefu. Alikuwa kijana bado, mwenye kukunja uso anaposikiliza, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha baadhi ya makarani, japo alikitamka kama anahesabu mawe. Tulipokata kona ya barabara ya kumi na saba tukaona moshi. Nyumba ya Bi Mwanaidi ilikuwa inafuka makutini kote, kama sufuria ya wali iliyopaliwa makaa. Nyumba zile tano nyingine zilikuwa kimya, milango imerudishwa.

Tuliingia. Chumba cha kwanza, mwanamke na chungu cha kunde. Cha pili, mwanamke na mihogo. Cha tatu mchuzi wa papa, harufu yake ikamtoa Bwana Shauri machozi, au labda ulikuwa moshi. Mpaka vyumba vyote sita, kila kimoja moto, kila kimoja mtu. Niliwatambua. Walikuwa wenye nyumba wa kipande kile.

Bwana Shauri akamuuliza wa kwanza, aliyeitwa Bi Tatu, jirani wa mbele, mwembamba, mwenye haya, "Wewe umepanga hapa?"

Neno moja tu, ndiyo, na nyumba ya Bi Mwanaidi ingepona siku ile.

"Hapana, bwana," akasema Bi Tatu. "Nyumba yangu ile pale."

"Mbona unapika hapa?"

"Leo zamu ya hapa."

Bwana Shauri akageuka kumtazama Mzee Mhina. Mzee Mhina akatazama boriti. Bi Mwanaidi akatokea uani anafuta mikono kwenye kanga. "Nitakwambia miye, bwana. Siye tu sita, nyumba sita, kila nyumba vyumba sita. Kila mtu akikoka moto kwake, nyumba ina moto mmoja na vyumba vitano vyafa. Basi twakusanyika. Leo twapika kwangu sote, vyumba vyote. Kesho kwa Bi Tatu. Kesho kutwa kwa yule wa mihogo. Nyumba yala moshi ikashiba, yangoja zamu yake."

"Tangu lini?"

"Tangu wapangaji wa kwanza waondoke. Kabla ya hilo kopo lenu."

Nilimtazama Mzee Mhina. Hakuwa na habari, niliona usoni. Miezi yote ile, jua na mvua, wanawake sita walibeba vyungu vyao na makaa kwenye gae kutoka nyumba hadi nyumba, wakizilisha moshi kama mtu anavyolisha wagonjwa kwa zamu. Na walijua vizuri kwamba siku ya ukaguzi wakikaa kila mmoja kwake, kila nyumba ingekuwa na moto mmoja, nazo zote zingepigwa rangi. Wakiwa wamekusanyika hivi, wangeweza kusema uongo ikapona moja. Hawakusema. Sijui niwaelezeje nilivyojisikia. Nimeona daraja linamwagwa zege, nimeona kiwanda kikiinuliwa, lakini sijapata kusimama mahali nikajiona mdogo namna ile.

Bwana Shauri akakunja uso. "Sheria inakataza kupika chumbani," akasema.

"Yakataza," akakubali Bi Mwanaidi. "Vyumba vilipokuwa na watu tulipewa faini. Sasa havina watu twaletewa rangi. Tufanye lipi?"

Hapo nilidhani tutafukuzwa kazi wote. Lakini Bwana Shauri alinyoosha mkono kwa Mzee Mhina akaomba nondo. Akapiga magoti, na soksi zake nyeupe, akaichomeka kwenye nguzo ya chumba alichopikia Bi Tatu. Ikagoma. Akasukuma kwa uzito wake wote, kofia ikaanguka. Ikagoma. Akatoka, akaenda nyumba ya pili, ile ya milango iliyorudishwa, jiko baridi, nyumba ambayo kwa amri yake mwenyewe ilikuwa maiti. Nondo ikagoma pale pia. Alizimaliza zote sita, na sisi nyuma yake na kopo letu, na nyuma yetu mtaa mzima. Alipomaliza alikuwa mweusi mikono na magoti.

Akarudi kwa Bi Mwanaidi, akatafuta pa kukaa, akakalia mbuzi ya kukunia nazi, akageuzia meno upande usiofaa, akaruka. Wanawake wakafa kwa kicheko, naye akacheka. Kisha akasema taratibu, "Nyumbani kwetu, bibi yangu alihifadhi samaki kwa moshi. Walikaa mwaka."

"Basi wajua," akasema Bi Mwanaidi.

"Ninajua. Mtafanya hivi mpaka lini?"

"Masika ikija hatuwezi. Makaa yatanyesewa njiani. Na siye ni wazee, bwana, magoti haya." Sauti yake ikashuka. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akiomba. "Sikuombi pesa. Wala usinisamehe kodi ya kiwanja, nitakaanga samaki nitalipa. Watu wako wale wa barabarani walala kwenye maturubai. Nipe watu. Serikali kubwa namna hii haikosi watu wa kupika ugali."

Bwana Shauri akasimama. Alivaa kofia yake akaondoka, nasi tukabeba kopo. Njiani Mzee Mhina akaniambia nisitegemee kitu, serikali ni kama ng'ombe, hupiti mbele yake wala nyuma yake. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa bahari.

Zikapita siku, tukakagua mitaa mingine, tukapiga rangi penye kustahili rangi, maana palikuwa na nyumba zilizokwisha kweli. Kila nikipita barabara ya kumi na saba nilitazama moshi uko kwa nani. Kisha manyunyu ya kwanza yakaja, na asubuhi moja nikaona makaa ya mwanamke mmoja yamezimikia katikati ya barabara, na yeye amesimama anayatazama. Nikaenda ofisini nikiwa sina hamu ya kufanya lolote.

Ofisini nikamkuta Mzee Mhina amefika kabla yangu, na ilikuwa Jumatatu. Akanipa habari: Bwana Shauri amesimamisha tanuri za matofali. Serikali itapanga vyumba kwa wenye nyumba wa Ngamiani, kwa watu wake wa barabara, katika kila nyumba ambayo nondo inagoma. Kwa barabara ya kumi na saba tulipewa wanaume sita. Hao tu, kwa kuanzia. Wengine baadaye, mambo yakiwa mazuri. Nilishangaa jinsi kitu kikubwa na kizito namna ile kilivyogeuka. Mpaka leo nashangaa, maana katika kazi yangu yote nimekiona kikigeuka mara chache mno.

Kwa kuwa amri ilisema nyumba ijazwe kwanza kabla ya kwenda nyingine, na nyumba ya mkubwa wao ndiyo ilikuwa ya kwanza, tuliwapeleka wote sita kwa Bi Mwanaidi. Walisimama barazani na mablanketi yao mabichi, Wanyamwezi watatu, Msambaa mmoja, na ndugu wawili kutoka Maramba. Mvua ilikuwa inakatika na kuanza. Nilitegemea vigelegele.

Bi Mwanaidi akawatazama mmoja mmoja. Akauliza, "Na wenzangu?"

"Baadaye," nikasema. "Kwanza kwako. Nyumba yako imepona, Bi Mwanaidi."

Akatikisa kichwa. Akamshika Mnyamwezi wa kwanza bega, akamgeuza. "We nenda kwa Bi Tatu, pale mbele. We, nyumba ile ya mlango wa buluu. Nyie ndugu msilie, mtaonana kila siku. We huku, we kule." Kila nyumba mtu mmoja, na kila mwenye nyumba na moto wake, kwa hiyo mioto miwili kila nyumba, na mvua hiyoo inakuja. Akajibakizia yule Msambaa, aliyekuwa mfupi na anakohoa. Mzee Mhina alifungua mdomo aseme habari ya amri, akaufunga. Siku hiyo ndiyo nilijifunza kazi.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya kwa Bi Mwanaidi, kwa hiyo moto wote wa kipande kile ulikuwa ndani mwake. Wanawake walikuja na magae, wamejifunika kanga kichwani, kila mmoja akaingia chumba alichopikia, akachota makaa kwa ajili yake na kwa ajili ya mpangaji wake, akakimbia nayo nyumbani huku ameyakinga mvua kwa kiwiliwili. Chumba baada ya chumba kikazimika. Bi Mwanaidi mwenyewe alikuwa anawaongezea kutoka jikoni kwake, "Chukua, chukua, mtu wako ana baridi," mpaka wa mwisho akaondoka.

Akarudi ndani kumwandalia Msambaa chai. Akainama kwenye mafiga yake. Nami nikainama. Kulikuwa na majivu matupu. Katika nyumba ile iliyokuwa inafuka mtaa mzima, hakukubaki hata kaa moja.

Akapangusa mikono. Akaokota gae, akajitanda kanga, akavuka barabara kwenye mvua mpaka mlangoni kwa Bi Tatu, ambaye punde tu alikuwa ametoka kwake na gae la makaa.

"Hodi," akaita, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. "Naomba moto."

Na kutoka ndani Bi Tatu akajibu, "Karibu, mama. Upo mwingi."